Mji wa Boston na Vyuo Vyake: Somo kwa Watu wa Mlima Kenya

Kila mwaka, Jumatatu ya tatu ya mwezi wa Aprili, watu wa mji wa Boston katika nchi ya Marekani huacha kazi zao wakasimama kandokando ya barabara kutazama mbio ndefu. Mbio hizo zilianza mwaka 1897, wakati reli ya kutoka Mombasa ilipokuwa ingali ikijengwa na haijafika Nairobi. Wakimbiaji huanza katika kijiji cha Hopkinton, wakapanda na kushuka vilima kwa muda wa maili 26 na kidogo, hata wakamalizia katika mtaa wa Boylston, katikati ya mji.

Mwaka 2000 mwanamke wa kwanza kufika mwisho wa mbio hizo alikuwa Catherine Ndereba, mzaliwa wa Gatunganga katika Nyeri. Alishinda tena mwaka 2001, tena mwaka 2004, na tena mwaka 2005. Kabla yake hapakuwa na mwanamke aliyepata kushinda mbio za Boston mara nne.

Mahali mbio zinapoishia pana jumba kubwa la mawe. Jumba hilo ni Maktaba ya Umma ya Boston, lililofunguliwa mwaka 1895, na juu ya mlango wake yamechongwa maneno yasemayo kwamba nyumba hiyo ni bure kwa watu wote. Basi binti wa Nyeri amekwisha kufika mara nne karibu na mlango wa maktaba, na ushindi wake ulipigiwa makofi toka Karatina hata Othaya. Lakini wengi waliomshangilia hawajui mji ule ni mji gani, wala kwa nini wazazi wengi wa Mlima Kenya hutamani watoto wao wafike huko, si kwa kukimbia bali kwa kusoma. Yafaa habari zake zielezwe kwa utaratibu.

MAHALI ULIPO

Boston ni mji mkuu wa jimbo la Massachusetts, nao uko pwani, upande wa mashariki wa Marekani, kwenye bahari ya Atlantiki. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 walionekana humo watu 675,647. Mto uitwao Charles unautenga na mji mwingine uitwao Cambridge, na mtu asiyejua huona kana kwamba ni mji mmoja, kwa kuwa madaraja ni mengi na treni hupita toka huku hata huku kwa dakika chache. Vyuo vikuu viwili vinavyojulikana zaidi, Harvard na MIT, viko ng'ambo ya Cambridge. Upande wa Boston kipo Chuo Kikuu cha Boston pamoja na vingine vingi, na nje kidogo ya mji kipo chuo cha wanawake cha Wellesley, ambacho wakimbiaji hupita mbele yake wakipigiwa kelele za shangwe na wanafunzi.

Mtu wa Nyeri ameizoea theluji ya Mlima Kenya, lakini huiona kwa mbali, asubuhi mawingu yanapofunguka. Huko Boston theluji huja mpaka kizingitini. Toka Desemba hata Machi watu huiondoa kwa sepetu mbele ya nyumba zao, na maji ya mto huganda. Mwanafunzi aendaye huko bila koti zito na viatu vizuri hujifunza somo lake la kwanza kabla ya kuingia darasani.

MWANZO WA MJI

Nchi ile ilikuwa ya watu walioitwa Massachusett, na jina la jimbo limetokana na jina lao. Kabla mji haujajengwa, maradhi yaliyoletwa na wageni wa meli yalikuwa yamekwisha kuwaua watu wengi wa pwani ile. Mwaka 1630 wakaja Waingereza waliokuwa wamegombana na wakuu wa kanisa la kwao juu ya taratibu za ibada, wakaweka makao na kuyaita Boston.

Watu hao walikuwa na ukali katika mambo ya dini, na hawakuwavumilia waliofikiri mengine. Lakini katika jambo moja waliwatangulia wengi: waliona kwamba mtu asiyejua kusoma hawezi kuisoma Biblia yake mwenyewe. Kwa hiyo mwaka 1635, miaka mitano tu baada ya kufika, walifungua shule ya wavulana, nayo ingali ikifundisha hata leo. Mwaka uliofuata, yaani 1636, baraza la serikali yao likakata shauri kutoa pauni 400 ili kianzishwe chuo. Wakati huo walikuwa wangali wakikata misitu na kujenga nyumba za mbao.

NUSU DEBE LA NAFAKA

Chuo kilijengwa ng'ambo ya mto, na mahali pale pakapewa jina la Cambridge kwa kuukumbuka mji wa Uingereza wenye chuo ambako wengi wao walikuwa wamesoma. Mwaka 1638 akafa kasisi kijana aliyeitwa John Harvard. Hakuwa na mtoto. Katika wasia wake alikiachia chuo nusu ya mali yake pamoja na vitabu vyake vyote, yapata 400. Baraza likakipa chuo jina lake. Wanafunzi wa kwanza kumaliza masomo, mwaka 1642, walikuwa tisa tu.

Lakini pauni zile na wasia ule havikutosha. Walimu walihitaji mshahara, na wana wa maskini hawakuwa na karo. Mwaka 1644 wakuu wa makoloni yale wakatoa wito kwa kila nyumba itakayoweza, itoe kila mwaka robo ya kipimo chao cha nafaka kwa ajili ya chuo, au shilingi moja ya Kiingereza. Kwa vipimo vya masoko ya Kenya, robo ile haitimii nusu debe. Nafaka hiyo ilikusanywa vijijini ikapelekwa Cambridge, ikawalisha wanafunzi na kuwasaidia walimu.

Msomaji wa Mlima Kenya halihitaji kuelezwa neno la jambo hili, kwa kuwa analo lake: ni harambee. Chuo ambacho leo kina akiba iliyopita dola bilioni 50, ambacho watu wengi hudhani kiliota kwa fedha za matajiri, kilitunzwa utotoni mwake na nafaka ya wakulima.

Haifai kusifu tu na kunyamaza juu ya mengine. Karibu na mwaka 1655 Harvard ilijenga nyumba ya kuwasomesha vijana wa wenyeji wa nchi. Mmoja wao, Caleb Cheeshahteaumuck wa kabila la Wampanoag, alipata digrii mwaka 1665, naye akafa kwa kifua kikuu mwaka uliofuata. Wanafunzi wa namna yake walikuwa wachache mno, na nyumba ile baadaye ikabomolewa. Tena mwaka 2022 chuo chenyewe kilitoa ripoti ikikiri kwamba wakuu, walimu na watumishi wake wa zamani waliwamiliki watumwa zaidi ya 70, na ya kuwa sehemu ya utajiri wake ilitoka katika biashara iliyotegemea utumwa. Kikatenga dola milioni 100 kwa ajili ya kurekebisha mambo hayo. Kwa hiyo katika historia ya chuo hicho nafaka ya hiari na jasho la kulazimishwa vimo pamoja.

SANDUKU ZA CHAI

Wakulima wa Othaya na Mathira, wanaochuma majani mawili na kichipukizi tangu alfajiri, watapenda kujua kwamba chai ndiyo iliyoutia mji wa Boston katika historia ya dunia. Serikali ya Uingereza ilitoza ushuru juu ya chai iliyouzwa katika makoloni, na wakazi wakasema hawawezi kutozwa kodi na Bunge wasilokuwa na mjumbe ndani yake. Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 kundi la watu likapanda meli tatu bandarini, wakapasua sanduku 342 za chai na kuzimwaga baharini. Serikali ikaifunga bandari. Mwezi wa Aprili mwaka 1775 vita vikaanza katika vijiji vya karibu, na sikukuu ya mwezi huo, ambayo ndiyo siku ya mbio ndefu, huadhimisha mwanzo wa vita hivyo.

Miaka mitatu kabla ya chai kumwagwa, yaani mwaka 1770, askari wa Kiingereza waliufyatulia risasi umati wa watu barabarani wakaua watano. Aliyehesabiwa kuwa wa kwanza kuanguka ni Crispus Attucks, mtu wa asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa nchi, baharia aliyepata kuwa mtumwa. Mahali walipoanguka pamewekwa alama ya mawe ya duara, na kaburi lao liko hatua chache kutoka hapo.

WATU WEUSI NA MILANGO YA SHULE

Mahakama za Massachusetts ziliuvunja utumwa kwa hukumu ya mwaka 1783, mapema kuliko majimbo mengi. Lakini kuwa huru si kuwa sawa. Watoto weusi wa Boston hawakukaribishwa katika shule za wengine, kwa hiyo wazazi wao wakaanza kuwasomesha wenyewe. Mwaka 1806 walijenga nyumba ya ibada juu ya kilima cha Beacon, na chini ya kanisa pakawa na darasa. Nyumba hiyo ingali imesimama, na mgeni aweza kuingia kuitazama.

Mwaka 1848 mzazi mmoja, Benjamin Roberts, aliishtaki serikali ya mji kwa sababu binti yake Sarah, mwenye miaka mitano, alilazimishwa kupita mbele ya shule tano za watoto weupe ndipo afike katika shule aliyopangiwa. Mmoja wa mawakili wake, Robert Morris, alikuwa mtu mweusi. Mahakama ikawakatalia. Hawakukata tamaa, walipeleka maombi, wakafanya mikutano, hata mwaka 1855 baraza la jimbo likapitisha sheria ya kukataza ubaguzi huo. Hata hivyo jambo halikuisha. Mwaka 1974, jaji alipoamuru watoto wachanganywe kwa kupelekwa na mabasi, mabasi yenye watoto weusi yalipigwa mawe katika mitaa ya mji huohuo.

Watu wa Nyeri wanajua habari iliyo karibu na hii. Baada ya mgogoro wa mwaka 1929 baina ya misheni na Wakikuyu, wazazi wengi waliwaondoa watoto wao wakajenga shule zao wenyewe, kwa miti na udongo na michango ya senti. Mwaka 1939 Peter Mbiyu Koinange, aliyekuwa amesoma Marekani, akaanzisha chuo cha walimu Githunguri ili shule hizo zipate walimu. Serikali ya kikoloni ilizifunga wakati wa hali ya hatari iliyoanza mwaka 1952. Mzazi wa kilima cha Beacon na mzazi wa mtelemko wa Nyandarua hawakupata kuonana, lakini wote wawili walifikia neno moja: mlango ukifungwa, jenga mwingine, na huku ukiendelea kubisha ule wa kwanza.

Milango ilianza kufunguka mmoja mmoja. Robert Taylor alikuwa Mwafrika wa Marekani wa kwanza kumaliza MIT, mwaka 1892, akaenda kuchora na kujenga majumba ya shule mashuhuri ya Tuskegee. W. E. B. Du Bois alikuwa wa kwanza wa watu wake kupata udaktari wa Harvard, mwaka 1895. Na Martin Luther King alipata udaktari wake wa elimu ya dini katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1955, mwaka uleule alioanza kuongoza mgomo wa mabasi wa Montgomery.

AKILI NA MKONO

Chuo cha MIT kilipewa hati yake mwaka 1861 kwa juhudi za William Barton Rogers, mtaalamu wa mawe na udongo. Rogers aliona kwamba vyuo vya zamani viliwafunza vijana lugha za kale na kusahau mashine, madaraja na dawa. Kilianza upande wa Boston, kikahamia Cambridge mwaka 1916. Katika nembo yake wamechorwa watu wawili, mmoja ameshika kitabu na mwingine ameshika nyundo, na maana ya maneno yake ya Kilatini ni akili na mkono.

Liko jambo moja la chuo hiki ambalo halihitaji tiketi ya ndege. Mwaka 2001 MIT ilitangaza kwamba itatoa masomo yake katika intaneti bure, na toka mwaka 2002 mtu yeyote aweza kusoma maelezo, mazoezi na mitihani ya kozi zake. Mwaka 2012 Harvard na MIT zikaungana kuanzisha mafundisho mengine ya namna hiyo. Msichana wa Kieni mwenye simu anaweza kusoma hesabu zilezile wanazosoma wanafunzi wa Cambridge. Hatapata digrii kwa njia hiyo, lakini elimu yenyewe ataipata, na akijaribu maswali ya mitihani atajua mahali anaposimama.

WATU WA KENYA NA JIMBO LILE

Mwezi wa Septemba mwaka 1959 ndege iliyobeba wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kwenda Marekani, kwa mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Mwaka uliofuata nauli ikakosekana. Mwezi wa Julai 1960 Mboya alikwenda katika jimbo la Massachusetts, kwenye kijiji cha pwani cha Hyannis Port, kumwona Seneta John Kennedy, mzaliwa wa Brookline iliyo ubavuni mwa Boston, aliyesoma Harvard. Taasisi ya jamaa ya Kennedy ikatoa dola 100,000, na ndege zikaruka.

Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwa msichana wa kijiji cha Ihithe katika Nyeri, Wangari Maathai. Yeye hakusoma Boston bali Kansas, kisha Pittsburgh. Lakini mlango wake ulifunguliwa katika mazungumzo yale ya Massachusetts. Tena kabla ya mlango ule ulikuwapo mwingine, mdogo zaidi. Alipokuwa mtoto, kaka yake Nderitu alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akajibu kwamba hakuna sababu, akampeleka. Kwa swali hilo moja Wangari alifika shule ya Ihithe, kisha Mathari, kisha Limuru, kisha Marekani. Akarudi nyumbani mwaka 1966, akapata udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, akaanzisha kazi ya kupanda miti mwaka 1977, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Wengine wa Kenya walifika Harvard yenyewe. Hilary Ng'weno, aliyekuwa baadaye mhariri mashuhuri, alisoma huko. Barack Obama wa Kogelo, baba yake rais wa Marekani, alisoma huko elimu ya uchumi. Profesa Calestous Juma, mwana wa Busia, alifundisha huko mpaka alipofariki mwaka 2017. Katika mji wa Lowell, kaskazini ya Boston, wapo Wakenya wengi waliofanya makao, na mgeni aweza kuzisikia lugha za nyumbani kanisani na madukani.

Liko na jambo la kinyume, yaani la Harvard kuja kujifunza kwa wazee wa Mlima Kenya. Caroline Elkins, mwanafunzi na baadaye profesa wa Harvard, alikuja Kenya akaketi na wazee waliofungwa kambini wakati wa hali ya hatari, akaandika waliyoyasema, akayalinganisha na karatasi za serikali. Kitabu chake kilitoka mwaka 2005. Wazee walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London mwaka 2009, yeye alikuwa mmoja wa wanahistoria waliotoa ushahidi. Mwezi wa Juni mwaka 2013 Uingereza ilionyesha majuto yake mbele ya Bunge, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wengi wa wazee wale hawakupata kwenda chuoni, lakini chuo kiliwahitaji wao.

MGENI AFIKAPO

Mtu akifika Boston kwa matembezi hana haja ya kukodi gari. Treni ya chini ya ardhi, iliyoanza mwaka 1897 na ndiyo ya kwanza katika Marekani, humfikisha karibu kila mahali. Aanzie kwenye uwanja uitwao Boston Common, uliotengwa mwaka 1634. Kwa miaka karibu 200 watu walilisha ng'ombe hapo, mpaka mifugo ikakatazwa mwaka 1830. Toka hapo mstari mwekundu, mahali pengine wa matofali na mahali pengine wa rangi, umewekwa katika njia, na mtu akiufuata kwa miguu maili mbili na nusu atapita makanisa, makaburi na nyumba za mikutano zilizohusika na vita vya uhuru, hata afike kwenye nguzo ya mawe ya Bunker Hill.

Kisha avuke mto kwa treni mpaka kituo cha Harvard. Katika uwanja wa chuo ataona sanamu ya mtu aliyeketi, na mguu wake mmoja unang'aa kwa kuguswa na wageni. Maandishi yake husema kwamba huyu ni John Harvard, mwanzilishi, mwaka 1638. Wanafunzi hucheka kwa kuwa maneno yote matatu yana makosa. Sura si yake, kwa maana hapakuwa na picha yake. Hakukianzisha chuo bali alikirithisha mali. Na mwaka wa kuanzishwa ni 1636. Mgeni mwenye busara huondoka hapo na funzo lifaalo kila msomi: lililochongwa juu ya jiwe nalo lachunguzwa.

Karibu na hapo liko jumba la maktaba ya Widener, lililofunguliwa mwaka 1915. Mama mmoja alilijenga kwa kumkumbuka mwanawe, mpenda vitabu, aliyezama na meli ya Titanic mwaka 1912.

GHARAMA NA HADHARI

Sasa yapasa kusema wazi jambo linalowaumiza wengi. Gharama ya mwaka mmoja katika Harvard, yaani mafundisho, chumba na chakula, hupita dola 80,000, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 10 za Kenya. Hakuna shamba la kahawa la ekari mbili liwezalo kulipa hayo kwa miaka minne. Lakini Harvard na MIT huwapokea wanafunzi bila kuangalia mfuko wa mzazi, hata wale watokao nchi za nje, na aliyekubaliwa husaidiwa kwa kadiri ya uhitaji wa nyumba yake. Ugumu ni kukubaliwa, kwa maana waombaji ni wengi sana na nafasi ni chache. Tena vyuo vyote si hali moja. Viko vingi visivyo na fungu la kuwasaidia wageni.

Kwa hiyo mzazi asiuze shamba kwa sababu mtu fulani amemwonyesha barua yenye picha ya jumba zuri. Kwanza, mtoto mwenyewe aandike kwa chuo, kwa anwani ya chuo chenyewe. Pili, aombe shauri katika ubalozi wa Marekani, Nairobi, unaotoa mashauri ya masomo bila malipo. Tatu, ajue kwamba viza hutolewa na maofisa wa ubalozi tu. Anayedai fedha kwa kuahidi viza ya hakika ni mlaghai. Nne, sheria za viza za wanafunzi hubadilika, na habari za mwaka jana huenda zisifae mwaka huu. Tano, hesabu ya safari ihesabu na kurudi.

MIJI YA MLIMA KENYA

Baada ya kuuzuru mji wa watu ni vizuri kutazama nyumbani. Mtu akiuzunguka Mlima Kenya leo toka Nyeri, atakuta Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Akishuka Karatina, kipo Chuo Kikuu cha Karatina. Akiendelea Kutus, kipo cha Kirinyaga. Mbele yake kipo cha Embu, kisha cha Chuka, kisha cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Vyuo sita, na vyote vilipewa hati zao za kuwa vyuo vikuu kamili kati ya mwaka 2012 na 2016. Kile cha Dedan Kimathi kilianza tangu miaka ya sabini kama taasisi ya ufundi ya harambee, kwa michango ya wananchi.

Vyuo hivyo, kwa kuhesabu toka hati zao, bado ni vichanga, kama Harvard ilivyokuwa ilipokuwa ikingojea nafaka za vijijini. Maktaba zao bado hazijajaa, na wako vijana wanaoona haya kutaja kwamba wamesoma karibu na nyumbani. Wazazi nao huweza kufanya harambee kubwa ya kumpeleka mtoto mmoja ng'ambo, wasitoe hata kitabu kimoja kwa chuo wanachokiona toka shambani mwao. Si kosa kumpeleka mtoto mbali. Wangari alikwenda mbali, na nchi ikafaidi. Lakini wakulima wa Massachusetts hawakungoja chuo kiwe kikubwa ndipo wakiheshimu. Walikilisha kilipokuwa na wanafunzi wachache na paa la mbao.

Mtu wa Nyeri atakayefika Boston atasimama mtaa wa Boylston, mahali Ndereba alipomaliza mbio, naye atakuwa na haki ya kujivuna. Kisha aingie maktaba iliyo mbele yake, kwa kuwa mlango ni bure. Na arudipo, aulize maktaba ya mji wake inafunguliwa saa ngapi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI AU BARAZANI

1. Kwa nini watu wa Massachusetts walianzisha chuo wakati walipokuwa wangali maskini?

2. Habari ya Sarah Roberts na habari ya shule za Wakikuyu baada ya mwaka 1929 zinafanana wapi, na zinatofautiana wapi?

3. Sanamu ya John Harvard inamfundisha nini mtu anayesoma historia?

4. Kama kila nyumba katika kata yenu ingetoa nusu debe la mahindi kwa mwaka, yangeweza kufanya kazi gani kwa shule au chuo kilicho karibu nanyi?